Hayati Askofu Bigirumwami na Nyumba ya Ibada ya Nyundo

Msafiri atokaye mji wa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, akishika barabara ya kwenda Musanze, huiacha tambarare ya ziwa na kuanza kupanda milima. Njiani hupita kilima cha Nyundo, na mbele kidogo hufika Mahoko, kituo cha biashara ambapo wakulima wa Kanama huuza mazao yao karibu na mto Sebeya. Kilimani Nyundo limesimama kanisa kuu la jimbo Katoliki linaloitwa kwa jina hilohilo. Wengi katika wasomaji wetu walinzi wa usalama wamepita hapo wakiwa safarini au kazini, wakayaona majengo yale na kuendelea na safari. Leo twapenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyeyaongoza kwa zaidi ya miaka 20, hayati Askofu Aloys Bigirumwami, kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo ambalo kila mbeba silaha yampasa kulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba ya ibada haibaki na kazi moja tu tangu inapojengwa hadi inapobomoka. Wenzetu wa Unguja wanaufahamu mfano wa Mkunazini. Pale palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ndipo lilipojengwa kanisa la Waanglikana, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, jengo mashuhuri la Ayasofia lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likafanywa msikiti mwaka 1453, likaamriwa kuwa makumbusho mwaka 1934, na mwaka 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Kuta ni zilezile, bali waingiao na watoao amri ndio waliobadilika. Nyundo nayo, ingawa umri wake ni mdogo, imepata mageuzi yake, na baadhi yake ni ya kutisha.

MTOTO WA ZAZA

Aloys Bigirumwami alizaliwa tarehe 22 Desemba 1904 huko Zaza, katika nchi ya Gisaka, mashariki ya Rwanda. Ukoo wake ulikuwa wa Wagesera, yaani wale waliopata kuitawala Gisaka ilipokuwa ufalme wenye kujitegemea, kabla haijamezwa na ufalme wa Rwanda katika karne ya 19. Baba yake, Joseph Rukamba, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni ya Zaza, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1900. Hivyo mtoto huyu alizaliwa katika kizazi kilichoona mambo mawili kwa wakati mmoja: kengele ya misheni mpya ikilia upande mmoja, na ibada za mababu zikiendelea upande wa pili.

Yafaa tukumbuke kwamba milima ya Rwanda haikukosa mahali pa ibada kabla ya wamisionari kufika. Ndani ya boma la Mnyarwanda kulikuwa na vibanda vidogo vya nyasi viitwavyo indaro, vilivyojengwa kwa ajili ya mizimu ya wazee waliokufa, na mbele yake ndipo sadaka zilipotolewa. Wafuasi wa Ryangombe nao walifanya ibada yao ya kubandwa chini ya mti wa umuko wenye maua mekundu. Wamisionari walipofika waliyakataza mambo hayo yote. Kwa waongofu wengi, kuingia katika nyumba mpya ya ibada kulikuwa na maana ya kuibomoa ile ya kale. Kijana Aloys alilelewa katika makatazo hayo, lakini, kama tutakavyoona, hakuyasahau yaliyobomolewa.

MISHENI MPAKANI

Misheni ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1901, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya Wajerumani na Mwami alikuwa Yuhi Musinga. Mahali hapo hapakuwa mbali na mpaka wa Kongo ya Wabelgiji, na jambo hilo lilikuwa na matokeo yake. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani na askari wao walikaa Gisenyi, Wabelgiji na askari wao wakawa ng'ambo ya pili, Goma. Kwa muda wa karibu miaka miwili watu wa Gisenyi waliishi katikati ya majeshi mawili, na askari wengi katika majeshi hayo walikuwa Waafrika waliotoka mbali. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka mpaka na kuitwaa nchi. Nyuma ya vita ikaja njaa kubwa iitwayo Rumanura, iliyowaua watu wengi katika pembe hiyo ya kaskazini magharibi. Tangu mwanzo, basi, watu wa milima ya Nyundo walijifunza kwamba penye kengele palikuwa pia karibu na bunduki.

Wakati huo Aloys Bigirumwami alikuwa mtoto wa shule. Alipelekwa seminari ya Kabgayi angali mdogo, akasoma miaka mingi, na tarehe 26 Mei 1929 akapewa upadri. Baada ya kufundisha kwa muda, alitumwa katika misheni mbalimbali, na miaka yake mingi ya upadri aliitumia Muramba, katika milima mirefu iliyo kusini mashariki ya Gisenyi, akiwa mkuu wa misheni hiyo.

Msomaji asidhani kwamba misheni ya siku zile ilikuwa kanisa tu. Misheni ilikuwa na shule, zahanati, karakana ya useremala, tanuri la matofali, shamba na ghala. Aliyekuja kusali Jumapili alirudi Jumatatu kujifunza kusoma, na Jumanne akaja na mtoto mgonjwa. Mkuu wa misheni alikuwa mwalimu, mwamuzi wa ugomvi, msimamizi wa mafundi na mtunza hesabu. Padri aliyepita katika kazi kama hiyo kwa miaka mingi aliwajua watu wake kwa majina na kwa shida zao.

Katika miaka hiyohiyo, matumizi ya nyumba za ibada yalibadilika kwa namna nyingine. Waongofu wa kwanza walikuwa zaidi watu wanyonge, wasio na mlinzi katika nchi. Lakini Wabelgiji walipomwondoa Musinga katika kiti mwaka 1931 na kumweka mwanawe Mutara Rudahigwa, machifu na watoto wa machifu walimiminika kubatizwa, na watu wengi wakawafuata. Kanisa likawa mlango wa kupatia elimu, na elimu ikawa mlango wa kupatia cheo. Nyumba iliyokuwa kimbilio la mnyonge ikaanza kuwa pia baraza la mkubwa. Hatari ya mageuzi hayo haikuonekana mara moja.

ASKOFU WA KWANZA

Mwezi Februari 1952 Papa aliigawa nchi ya Rwanda katika maeneo mawili ya Kanisa. Eneo jipya lilipewa Nyundo kuwa makao yake makuu, na padri wa Muramba akateuliwa kuliongoza. Tarehe 1 Juni 1952, siku ya Pentekoste, Aloys Bigirumwami aliwekewa mikono huko Kabgayi. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zote zilizotawaliwa na Ubelgiji, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Kabla yake, Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, alikwisha kupata daraja hilo mwaka 1939, na katika mwaka huohuo wa 1952 Laurean Rugambwa alikuwa amewekwa askofu huko Bukoba, Tanganyika. Twaweza kukadiria uzito wa tukio hilo tukikumbuka kwamba uhuru wa Rwanda ulikuwa bado miaka 10 mbele. Mwafrika hakuwa na mamlaka ya kumwamuru Mzungu katika ofisi yoyote ya serikali, lakini Nyundo Mwafrika alikuwa mkuu wa jimbo.

Askofu huyu hakuutumia muda wake katika fahari ya cheo. Mwaka 1954 alianzisha gazeti la watoto liitwalo Hobe, lililoandikwa kwa Kinyarwanda, ili mtoto wa shule ajifunze kusoma kwa maneno ya nyumbani kwao. Katika miaka ya utawala wake Nyundo ikajulikana pia kwa shule yake ya sanaa, ambapo vijana walifunzwa kuchora na kuchonga. Hivyo kilima cha sala kikawa vilevile kilima cha kalamu na patasi.

Kazi yake kubwa zaidi katika uandishi ilikuwa kukusanya mila. Askofu alizikusanya methali, hadithi, nyimbo, mbembelezo za watoto, na taratibu za kuzaliwa, kuoa, kulima, kuwinda na kuzika. Kitabu chake cha Imihango kinaeleza kwa kirefu desturi, miiko na ibada za Wanyarwanda, zikiwemo zile za indaro na za kubandwa ambazo Kanisa lilizipiga vita. Methali alizozikusanya zinahesabiwa kwa maelfu. Yaonekana aliona kwamba mtu haokolewi kwa kunyang'anywa kumbukumbu yake, na kwamba Mungu ambaye wazee walimwita Imana hakuja na meli kutoka Ulaya. Kwa kazi hiyo, nyumba ya askofu iligeuka kuwa ghala la urithi wa taifa zima. Vibanda vya nyasi vilikwisha kuoza, lakini maneno yaliyosemwa mbele yake yakapata hifadhi chini ya paa la misheni ileile iliyovikataza.

MWAKA WA MOTO

Mwishoni mwa miaka ya 1950 siasa ya Rwanda ilichafuka. Watu walianza kupangwa kwa makabila, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu, na vitambulisho walivyovitoa Wabelgiji tangu miaka ya 1930 vikawa kama hukumu. Mwaka 1958 Askofu Bigirumwami aliandika makala katika gazeti moja la Kikatoliki kuhusu jambo hilo. Hakukana kwamba kulikuwa na dhuluma katika nchi. Alichokataa ni kuihesabu dhuluma kwa damu, maana katika kila kundi walikuwamo maskini wengi, na watawala walikuwa wachache tu. Wako wakuu wengine wa Kanisa waliolitazama jambo kwa jicho jingine, na tofauti hiyo ilileta ubaridi kati yao. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa ukoo wa watawala wa kale, kwa hiyo maneno yake yalikuwa mepesi kudharauliwa. Hata hivyo aliyasema.

Mwezi Novemba 1959 moto ukawaka. Nyumba za Watutsi zilichomwa katika sehemu nyingi za nchi, na kaskazini magharibi haikusalimika. Maelfu ya watu walikimbilia misheni. Nyundo ikawa mojawapo ya mahali pa kimbilio, na askofu na mapadri wake wakawa wenyeji wa watu waliokuja na mikeka na watoto tu. Katika siku hizohizo za mashaka, tarehe 10 Novemba 1959, Papa alilipandisha eneo la Nyundo kuwa jimbo kamili. Ni jambo la kutafakari kwamba jimbo lilitangazwa wakati moshi wa nyumba ulikuwa bado haujatua.

Hapa ndipo twapenda ndugu askari watulie kidogo. Mwaka 1959 wachomaji waliiogopa nyumba ya ibada. Walichoma boma, lakini kwa kawaida mlangoni pa kanisa walisimama. Hofu hiyo ikawa kama sheria isiyoandikwa, na wananchi wakaishika mioyoni: siku ya hatari, kimbilia kanisani. Wazazi wakawarithisha watoto, na watoto wakaamini.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Askofu alihudhuria Mtaguso wa Vatikano uliofanyika Roma kuanzia mwaka huohuo hadi 1965, akarudi na kuendelea na kazi. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika shule za nchi, na mnamo mwezi Julai jeshi likatwaa serikali. Tarehe 17 Desemba 1973 Askofu Bigirumwami, akiwa karibu kutimiza miaka 69, aliacha uongozi wa jimbo. Alihamia Kigufi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, akaendelea kuandika. Alifariki dunia tarehe 3 Juni 1986 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Nyundo.

MLANGO ULIPOVUNJWA

Maisha ya mtu huishia kaburini, lakini habari ya nyumba aliyoilinda haikuishia hapo. Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wa Kanama, Mahoko na vilima vya jirani walifanya kama wazazi wao walivyofanya mwaka 1959. Walikimbilia Nyundo. Safari hii mlango haukuheshimiwa. Wauaji waliingia seminari tarehe 7 Aprili, na siku chache baadaye wakaingia katika kanisa kuu lenyewe. Mapadri waliuawa pamoja na waumini, wanawake pamoja na watoto. Imani iliyowaponya wazazi ndiyo iliyowakusanya watoto mahali pamoja mbele ya muuaji.

Haikuwa Nyundo peke yake. Huko Nyange, parokia iliyo ndani ya jimbo hilohilo la Nyundo, kanisa liliangushwa kwa tingatinga tarehe 16 Aprili 1994 huku watu wapatao 1,500 wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, akaonekana na hatia, na mwaka 2008 katika rufani akahukumiwa kifungo cha maisha. Kanisa la Nyamata, kusini ya Kigali, halikurudi tena kuwa mahali pa misa. Limekuwa mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nyundo yenyewe ilirudishwa katika ibada, na kumbukumbu ya waliouawa ipo kilimani hapo. Waumini husali, na wafiwa huja kuwakumbuka watu wao.

Tusifiche neno ambalo ni chungu kwa wasomaji wetu. Mwaka 1994 wako wavaa sare, wanajeshi na askari wa jandarma, walioshirikiana na wanamgambo katika mauaji ya makanisani, badala ya kusimama mlangoni na kuyazuia. Mtu mwenye panga huweza kuzuiwa na mtu mwenye bunduki. Lakini mwenye bunduki akiungana na mwenye panga, ukuta wa matofali haumwokoi mtu yeyote.

MAFUNZO KWA MBEBA SILAHA

Sheria za vita zinalitamka jambo hili waziwazi. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 ziliagiza majengo ya ibada yahifadhiwe kadiri iwezekanavyo wakati wa mashambulizi, mradi hayatumiwi kwa kazi za kijeshi. Mkataba wa mwaka 1954 uliongeza ulinzi wa mali ya urithi, na Itifaki za mwaka 1977 zikakataza kushambulia mahali pa ibada palipo urithi wa watu, na vilevile kupatumia kwa kusaidia vita. Askari mwema hana budi kuzishika pande zote mbili za amri hiyo. Asilipige kanisa, msikiti au hekalu, na pia asiweke humo risasi wala mlinzi wa kudungulia watu, maana akifanya hivyo ameiondolea nyumba ile kinga yake, na pamoja nayo kinga ya wote waliomo.

Lakini sheria ni karatasi mpaka ipate mtu wa kuisimamia. Hilo ndilo tulilojifunza katika maisha ya hayati Bigirumwami. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na gazeti la watoto, madaftari ya methali, na mlango ulio wazi. Nyumba aliyokabidhiwa aliifanya shule, hifadhi ya lugha na kimbilio, na alikataa isiwe nyumba ya kundi moja. Alipoondoka, nyumba ilibaki na matofali yaleyale, lakini nje yake hapakuwa tena na hofu ya kumwaga damu. Utakatifu wa nyumba haumo katika saruji. Umo katika mikono inayojizuia, na mikono yenye silaha ndiyo ya kwanza kupimwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda, na mto Sebeya ukafurika mpaka ukaingia katika nyumba na maduka ya Mahoko na Nyundo. Zaidi ya watu 130 walikufa katika nchi nzima kwa mafuriko na maporomoko ya usiku huo. Wanajeshi na polisi walitumwa kuokoa watu na kuwahamisha kutoka bondeni. Wazee waliowaona wakija walikuwa wameona, miaka 29 kabla ya hapo, sare ikipanda vilima vilevile kwa kazi nyingine. Kati ya safari hizo mbili, kila askari na achague ni ipi atakayokumbukwa kwayo.